Sabato Yetu Inatangulia

Jumapili, 1 Februari. Beni

Tunaosha bidoni za mafuta tangu asubuhi. Mafuta ya mawese hayatoki mikononi kwa sabuni peke yake. Papa anasugua kwa majivu. Mimi nasugua kwa majivu na hasira. Joto la Beni silipendi, shati linaganda mgongoni. Mimi ni mtu wa Butembo, wa ukungu na sweta.

Kazi ni ile ile ya kila likizo: tunashusha viazi na vitunguu huku, tunapandisha mafuta na mchele kule.

Amerika kimya. Nimefungua telefone leo mara nyingi kuliko nilivyokunywa maji. Papa anaona. Nimemkamata na yeye akifungua ya kwake kwa siri.

Jumatatu, 2 Februari. Beni

Niandike wazi ninangoja nini, nisije nikakipamba baadaye.

Ni chuo kikuu cha Wayahudi. Asubuhi wanafunzi wanasoma Torati, wawili wawili mezani, wanabishana kwa sauti. Mchana wanakwenda maabara. Kuna idara ya mimea. Wanatoa nafasi chache za kusomeshwa bure kwa watu wa mbali. Siku ya Jumamosi milango inafungwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Sentensi hiyo niliisoma kwenye duka la telefone la binamu yangu, yaya Kambale, nikalia mbele ya wateja wake.

Maana huku wanauliza. Mwaka jana mtihani wa udongo uliwekwa Jumamosi. Sikwenda. Nikapata sifuri, sasa narudia mwaka mzima wa agronomia, na wadogo zangu darasani wananiita "ancienne", mkongwe. Papa alisema nivumilie. Nilivumilia. Sikupenda.

Mtaani wanadhani sisi ni Waadventista. Zamani Papa alikuwa akieleza: hapana, sisi ni Wayahudi, familia chache tu, tulijifunza kutoka kwa ndugu wa Uganda, tunasali kwenye kile chumba cha matofali nyuma ya nyumba. Siku hizi amechoka. Anasema ndiyo, ni Waadventista, na viazi ni bei hii.

Jumanne, 3 Februari. Beni

Imekuja!

Wananiita kwenye mahojiano, kwa video. Ijumaa ya wiki ijayo, saa tano asubuhi. Nimesoma mara tatu. Papa naye akasoma, Kiingereza chake cha kubahatisha, akahesabu kwa vidole kutoka saa tano hadi saa ya kuwasha mishumaa. Akasema muda ni mwingi, nitamaliza, nitaoga, nitapika na Sabato itanikuta nimekaa.

Halafu akampigia kelele mama Kavira anayeuza samaki karibu nasi:

"Mutoto yangu banamuita Amerika!"

"Na weye banakuita?" mama Kavira akauliza. "Ama utabakia na bidoni zako?"

Papa akacheka mpaka akakohoa. Sijamwona hivyo tangu muda mrefu. Ninaogopa furaha yake kuliko mahojiano yenyewe.

Jumatano, 4 Februari. Butembo

Nimerudi na lori, katika msafara, askari mbele na askari nyuma. Hakuna aliyeongea hadi tulipoanza kuona mikaratusi ya kwetu. Baridi. Asante Mungu kwa baridi.

Papa amebaki Beni kumaliza mafuta. Atapanda Alhamisi ijayo. Ijumaa atakaa nyuma ya kompyuta na hatasema kitu. Hilo la kutosema kitu tumeapishana.

Ijumaa, 6 Februari

Asubuhi shambani na Mama. Mvua inakaribia, tunalima. Mahindi yatakuwa upande huu wa mfereji, maharage upande ule. Mama ameangalia shamba la jirani, ambako wanapanda maharage kati ya mahindi kama watu wote wa Butembo, kama bibi yake alivyopanda. Ameshusha pumzi. Imesikika hadi mtaa wa Rughenda.

Hili ndilo swali langu. Kwenye fomu ya maombi ya chuo waliuliza: ungependa kujua nini? Wengine bila shaka waliandika saratani. Mimi niliandika maharage.

Torati inakataza kupanda mbegu za aina mbili pamoja shambani. Papa alipoingia kwenye imani alitenganisha, na tangu hapo tunavuna kidogo. Kwa nini tunavuna kidogo, najua: maharage yanalisha udongo, mahindi yanayashika yasilale. Nilifundishwa chuoni, auditoire. Kwa nini tunatenganisha, najua pia: nilifundishwa nyumbani. Ila huku anayejua udongo hajui Torati, na anayejua Torati ni Papa. Nataka kukaa mbele ya mtu mmoja anayejua yote mawili, nimuulize. Ni hilo tu.

Mama alizaliwa Mkatoliki. Alimfuata Papa, si Torati. Kutenga sufuria za nyama na sufuria za maziwa, kama Torati inavyotaka, bado kunamchosha, na maziwa yenyewe hatunywi mara nyingi. Lakini hajawahi kuzichanganya.

Naacha. Niwahi kuoga.

Jumapili, 8 Februari

Mazoezi ya Kiingereza dukani kwa yaya Kambale. Yeye ni mtoto wa mama mkubwa, Mkatoliki, anaimba kwaya. Hana habari na mambo yetu, ila ana jenereta, ana intaneti na ana moyo. Amejifanya profesa, amevaa miwani ya mteja.

Nimejibu vizuri. Tatizo langu ni "th". Ulimi haukubali kutoka nje.

Jumanne, 10 Februari

Sijui niandikeje.

Yaya Kambale alikuwa anaweka saa ya kengele kwenye kompyuta yake. Akasoma barua yao upya.

"Katungu, hii ni saa ya kwao, hapana ya kwetu. Kwao ikiwa saa tano ya asubuhi, huku inakuwa saa kumi na mbili ya magaribi. Donc basi unaongea nabo magaribi."

Saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa tunawasha mishumaa. Saa ile ile Sabato inaingia, na hatugusi tena mashine wala telefone.

Tulisoma wawili, mimi na Papa, tukahesabu kwa vidole, na hata mmoja wetu hakukumbuka kwamba jua lina njia ndefu. Wao nao ni Wayahudi. Wao nao walihesabu: saa tano asubuhi, mbali kabisa na Sabato, salama. Hawakufikiri kwamba kuna mahali Sabato inawatangulia.

Nimewaandikia. Nimeomba siku nyingine, saa yoyote, hata alfajiri. Nimeandika kwa adabu.

Jumatano, 11 Februari

Wamejibu. Si mtu, ni mashine. Ombi limepokelewa, ratiba haibadilishwi, asiyetokea atahesabiwa amejiondoa. Wananitakia kila la heri.

Nimeandika tena. Mashine imejibu tena, maneno yale yale, na kila la heri ile ile.

Nina hasira na watu ambao sijawaona. Chuo pekee duniani ambacho nilidhani hakitaniambia nichague.

Alhamisi, 12 Februari

Barabara ya Beni imefungwa. Wanasema kulikuwa na risasi. Magari yamerudishwa. Papa yuko Beni, mzima, analala kwa mama Kavira na mume wake. Sabato atakuwa kule peke yake, na hapa wanaume kumi wanaohitajika kwa sala hawatatimia.

Amepiga simu mchana. Nilimweleza yote. Akasema:

"Ongea nabo tu, mwanangu. Fungua ile mashine, uongee. Mungu akikasirika, akasirikie miye."

Nilidhani nitafurahi. Nimekasirika hadi sasa. Mwaka jana kwa mtihani wa udongo hakusema hivyo. Mwaka jana alisema vumilia, na mimi nikabaki nyuma, nikaitwa ancienne. Leo ndiyo Mungu amkasirikie yeye? Kwa nini sasa?

Nilimuuliza. Sikuwahi kumuuliza Papa kitu kwa sauti ile. Akasema:

"Ju mwaka jana nilikuona ukilia jikoni, na sikuingia."

Halafu unite za simu zikaisha. Sijui zake au zangu.

Ijumaa, 13 Februari, mchana

Mama naye amesema lake, akichambua majani ya sombe, bila kuniangalia.

"Mungu anajua saa ya kule na saa ya huku. Hawezi kuchanganyikiwa."

Kwa hiyo Papa amekubali, Mama amekubali. Niliyebaki ni mimi, na ninataka kwenda. Niandike bila aibu: ninataka kwenda kuliko ninavyotaka kuwa mwema. Nataka ile meza, nataka kubishana Torati asubuhi na kuingia maabara mchana na mikono safi. Nataka Jumamosi isiyo na maelezo.

Lakini nimefikiria swali lao la kwanza. Yaya Kambale aliniuliza mara kumi kwenye mazoezi: kwa nini unataka kuja kwetu? Jibu langu ni kwamba nataka mahali pa kushika Sabato na kusoma. Nitalisemaje hilo kinywani huku nimeivunja?

Nimewatumia ujumbe wa mwisho. Kwamba kwetu Sabato itaingia wanapofungua mazungumzo. Kwamba nasikitika sana. Kwamba nawatakia Sabato njema, nikiwa wa kwanza.

Nimezima telefone. Nimeiweka kwenye gunia la maharage, chini kabisa. Nimelia na nimeosha uso.

Jumamosi, 14 Februari, nyota zimetoka

Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya kuhusu jana.

Mishumaa ilikuwa mezani. Mama amevaa kitenge kipya, mimi kitambaa kichwani. Nimewasha. Nilikuwa bado sijafunika macho, mlango ukafunguka bila hodi. Yaya Kambale. Mvua mabegani, kompyuta wazi mikononi, imeshaunganishwa. Amekuja na pikipiki kutoka dukani, ameikumbatia kompyuta chini ya koti.

"Weye hapana gusa kitu," akasema. "Nimeuliza, mutu asiye Muyahudi anaweza kugusa. Miye njo nitagusa. Weye uongee tu!"

Kwenye kioo kulikuwa na watu wawili. Mzee mwenye ndevu, ameinamia karatasi. Na mwanamke mwenye kilemba cha buluu. Nyuma yao dirisha, na jua. Jua jeupe la asubuhi, ndani ya nyumba yetu, saa ambayo nje kulikuwa kunaingia giza. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona chai ya yule mwanamke ikitoa moshi.

Walisema jina langu. Walilitamka vibaya. Nililipenda.

Mama alisimama pale pale na kijiko. Yaya Kambale alikuwa ananitikisia kichwa: sema, sema.

Nilifunika macho yangu kwa mikono. Nikasema baraka ya mishumaa, kama kila Ijumaa, kwa sauti ya kawaida. Nilipofungua macho, yule mwanamke alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alikuwa anatazama mishumaa, si mimi. Mzee bado alikuwa anatafuta kitu kwenye karatasi. Kisha picha ikaganda, kisha kioo kikawa cheusi. Mvua, au mega za intaneti zimekwisha.

Yaya Kambale akasema pardon. Alisema mara nyingi. Alidhani amenikosea, na mimi nilidhani nimemkosea. Mama akampa sahani. Alikula nasi, maji yakimdondoka.

Sabato yetu imetoka sasa. Yao bado. Hata nikiandika, hakuna wa kusoma. Nimetoa telefone kwenye gunia, nimeipangusa vumbi la maharage na nimeiacha.

Jumapili, 15 Februari

Hakuna kitu.

Jumanne, 17 Februari

Ofisi yao imejibu. Hukutokea kwenye mahojiano. Nafasi zimetolewa kwa wengine. Faili imefungwa.

Sikulia. Nilifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Barabara imefunguliwa, Papa amefika jioni na bidoni mbili zilizobaki. Hakuuliza. Nadhani Mama alimwambia mlangoni. Alikaa jikoni na koti lake la safari, karibu nami, kwenye kile kigoda kifupi ambacho si chake. Hakusema vumilia. Alikaa tu hadi makaa yakazimika.

Alhamisi, 19 Februari

Yule mwanamke wa kilemba amenirekodia sauti, akanitumia kwa telefone. Ndefu. Nimeisikiliza dukani, yaya Kambale amezima jenereta ili nisikie vizuri, wateja wakalalamika, akawafukuza.

Ni mwalimu, anafundisha mimea. Asubuhi anafundisha Torati. Yote mawili. Yupo. Mtu yule yupo na ana sauti inayokwaruza kidogo kama ya mtu mwenye mafua.

Amesema hakujua. Hakuna aliyehesabu. Alipoona mishumaa aliangalia saa ukutani kwao, akaona aibu. Alibishana na wakubwa wake siku mbili, akashindwa, nafasi zilikuwa zimeshapewa watu. Amesema niombe tena mwakani, na yeye mwenyewe ataweka siku. Ameahidi haitakuwa Ijumaa.

Nitasema ukweli: nilitaka kiti, sikutaka pole. Nilisimamisha sauti hapo, nikatoka nje, nikatembea hadi kona na kurudi.

Kisha akajibu swali langu. Sikuwa nimekumbuka kwamba niliuliza. Amesema sheria ile ya kutochanganya mbegu shambani ni ya nchi ya Israeli. Nje ya nchi ile, nafaka na maharage vinapandwa pamoja bila kosa. Shamba la mizabibu lina sheria yake, na kuunganisha miti kuna sheria yake. Lakini mahindi na maharage ya Butembo, hakuna shida. Panda, amesema. Halafu niandikie udongo unasemaje.

Nimepeleka habari nyumbani. Mama alicheka hadi akakaa chini kwenye mfereji. Miaka yote ile! Papa hakucheka. Alikwenda kusimama katikati ya shamba, mikono nyuma, akaangalia upande wa mahindi, akaangalia upande wa maharage. Mama akainuka, akamfuata, akamwambia:

"Ulijua nusu, tukala nusu. Sasa twende kula."

Mwishoni mwa sauti kulikuwa na jambo moja zaidi. Amesema Ijumaa asubuhi ana darasa la Torati, na Ijumaa hii itakapofika saa tano atawaambia wanafunzi wafunge vitabu kidogo. Atawaambia: Butembo wameshawasha.

Ijumaa, 27 Februari

Tumepanda kutwa. Mama alishika mbegu zote mbili kwenye kitenge kimoja, mahindi kushoto, maharage kulia. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa lake la zamani, na Papa alijifanya hasikii.

Ratiba ya mitihani imebandikwa Jumanne. Udongo, Jumamosi tena. Papa alivaa koti na tai, akaja nami hadi kwa doyen, mkuu wa kitivo. Mwaka jana nilikwenda peke yangu. Aliongea Kifaransa chake chote. Doyen akasema "on verra", tutaona. Tulitoka, Papa akaninunulia beignet mbili, na yeye akala moja yangu.

Nimeanza kuandika maombi ya mwakani. Pale wanapouliza ningependa kujua nini, bado sijajaza. Swali la maharage limekwisha, na maswali mengine yamekuja nyuma yake mengi.

Nikitulia naiona ile chai inayotoa moshi, na lile dirisha. Kiti kimoja pale mezani nakitamani bado. Sitajifanya nimepona.

Ukungu unashuka upande wa Rughenda. Mama anatafuta kiberiti, anamlaumu Papa. Udongo umejaa kwenye kucha zangu. Saa tano yao inakaribia, na mimi bado sijaoga.